Kabla hujabadilisha sabufa, uliza kwanza nani anasikiliza

Wiki iliyopita jamaa yangu wa Igoma kanipigia simu anataka nimsindikize mjini akanunue sabufa nyingine, eti aliyonayo haina mziki. Nikamuuliza haina mziki kwa nani? Akanyamaza kidogo alafu akasema, "Kwa mke wangu, mi mwenyewe naiona poa tu." Hapo ndo nikaona niandike, maana hili jambo limenisumbua kwangu Nyakato, hapa Mwanza, karibia miaka miwili na hela imenitoka sana kabla sijaelewa tatizo liko wapi.

Kwangu tuko wanne. Mi ni mtu wa rumba, kijana wangu ana miaka 16 na yeye ni singeli asubuhi mpaka jioni, mama watoto mara nyingi anasikiliza akiwa jikoni, na bi mkubwa wangu aliyehamia kwetu kutoka Sengerema yeye ni taarifa ya habari na kwaya basi. Niliponunua sabufa nikaibana kwenye kona ya sebule isichukue nafasi, spika ndogo mbili nikazipandisha juu kabisa ya kabati. Kijana alifurahi sana. Bi mkubwa kila jioni, "Mwanangu, punguza hiyo kelele." Napunguza, anasema hasikii. Naongeza, kelele tena. Iliniuma kwakweli, nikajua hapendi tu kitu kipya, kumbe mama wa watu alikuwa anasema ukweli mtupu.

Iko hivi. Sikio la kijana likiwa zima linasikia kuanzia kama hezi 20 (mitetemo 20 kwa sekunde, hiyo ndo besi nzito) mpaka hezi 20,000, ila umri ukisogea sauti za juu ndo zinaanza kupotea, na huko juu ndo ziliko s, f, t na sh, yaani vile vinavyofanya neno lieleweke, zikipotea mtu anaanza kuchanganya tisa na sita. Alafu besi nzito ina tabia ya kufunika sauti zilizo juu yake. Sasa mzee ambaye sauti za juu zimeshampungukia, wewe unammwagia besi, atabaki na nini? Anasikia mtu anaongea ila hapati anachosema, na ukiongeza volyumu unaongeza na besi vilevile.

Na besi yenyewe nilikuwa naizidisha mwenyewe bila kujua, kwa kuiweka sabufa kwenye kona. Kuta mbili na sakafu zinairudisha yote ndani, inakuwa mvumo mmoja mrefu, kila wimbo unapiga noti ileile. Nikaivuta kama hatua mbili kutoka kwenye kona, nikawa naisogeza kidogo kidogo huku naenda kukaa kwenye kochi kusikiliza, mpaka gitaa la besi likaanza kusikika linatembea. Jumamosi nzima iliishia hapo na wala sijutii, kama una muda wa kufanya kitu kimoja tu kwenye haya yote basi fanya hiki, hakina gharama. Spika ndogo nazo nikazishusha ziwe usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, kwa sababu twita, kile kispika kidogo cha sauti za juu, inapiga mbele kama tochi, ukikaa pembeni au chini yake hupati kitu. Ndo maana mama watoto jikoni alikuwa anasikia dum dum tu, besi inazunguka kona, maneno yanabaki sebuleni. Yeye nilimnunulia spika ndogo ya bluetuthi akaiweka kwenye shelfu la vyombo, ikaisha.

Bi mkubwa nilimsogezea kiti karibu na spika, na kwenye taarifa ya habari napunguza besi naongeza trebo kidogo, yaani zile sauti za juu. Tangu siku hiyo hajaniambia punguza.

Kijana kesi yake ilikuwa tofauti. Usiku nikimwambia ashushe sauti analalamika mziki umekufa, na mi nilidhani ni ukaidi wa vijana. Mwaka 1933 kule Marekani watafiti wawili, Fletcher na Munson, walipima hiki kitu, wakaonyesha kwamba sauti ikiwa ndogo sikio linapoteza besi kuliko linavyopoteza sauti za katikati. Kwahiyo mtoto alikuwa anasikia sawasawa kabisa! Siku hizi usiku anashusha volyumu anapandisha besi kidogo, asubuhi anairudisha ilipokuwa, tumeacha kugombana.

Chumba nacho usikisahau. Nyumba zetu siku hizi ni marumaru chini, jipsamu juu, vioo vya aluminiamu pembeni, sauti inagonga huku na huku kama uko bafuni. Piga kofi moja katikati ya sebule, ukisikia linajirudia rudia weka zulia na pazia zito kwanza, hiyo hela ya sabufa isubiri. Mvua ikipiga kwenye bati hapo hakuna dawa, subiri iishe.

Kitu kingine, angalia waya. Kuna kipindi mziki wangu ulikuwa mwembamba na sauti ya mwimbaji hujui inatokea wapi, fundi alipokuja kumbe spika moja nilichomeka nyekundu kwenye nyeusi, spika moja inasukuma hewa na nyingine inavuta, besi zinauana. Dakika mbili tu akawa amemaliza.

Sasa ukienda dukani, ule mtaa wote unapiga mziki kwa wakati mmoja na kila sabufa iko kibarazani, hapo huwezi kujua itasikikaje ndani kwako. Nenda na flashi yenye nyimbo unazozijua wewe na pia sauti ya mtu anaongea, na ukilinganisha sabufa mbili hakikisha zote ziko volyumu sawa kwa sikio lako, maana inayopiga juu kidogo tu lazima utaiona ndo nzuri. Zile wati elfu kumi za kwenye boksi usizifuate, hiyo ni PMPO, nguvu ya kilele cha kitambo kidogo tu, na haina kipimo kimoja kinachokubalika, uliza RMS, yaani nguvu inayoweza kuitoa mfululizo. Na ujue wati zikizidishwa mara mbili sauti inapanda desibeli 3 tu (desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti), ni kidogo sana.

Mwisho kuna jirani. Sisi tunaojenga vilimani kwenye mawe, dirisha la mwenzako liko usawa wa paa lako na besi inapita ukutani bila hodi. Mi nilienda kukaa sebuleni kwa jirani wa chini huku kijana anapiga singeli yake, nikasikia kinachomfikia, tukakubaliana mwisho saa tatu usiku, na ile volyumu tuliyoelewana nimeiwekea alama ya maka kwenye kitufe.