Baba alitumwa sukari, akarudi na mlango

Jamani leo naongelea takataka. Sio zile za kwenye ndoo, naongelea zile za uani ambazo kila nyumba inazo, kiti cha miguu mitatu, cherehani iliyokwama tangu bibi yupo hai, baiskeli haina tairi, redio ya mbao imetobolewa na panya, vitu ambavyo mgeni akija mnavifunika na turubai. Mimi nimekulia kwenye uwanja wa hivyo vitu, Kirumba hapa Mwanza, na nimechekwa sana kwa ajili hiyo, na sasa hivi watu haohao wananitumia picha WhatsApp wananiuliza "hii naweza kufanyaje?" kwaiyo nimeona niandike mara moja yaishe.

Nianze na mlango. Nilikuwa darasa la nne. Mama alimtuma baba sukari kilo moja, jioni, watoto hatujanywa uji. Baba akapita mjini akakuta wanabomoa moja ya zile nyumba za zamani za Wahindi, zile za duka chini watu wanaishi juu, wanataka kupandisha ghorofa. Akarudi saa mbili usiku na mkokoteni, juu kuna mlango mzima wa mvule na komeo lake la chuma, na mwenye mkokoteni anadai hela yake kwa sababu hela ya sukari imeishia kwenye mlango. Mama akasimama kwenye ngazi, akauliza kwa upole ule wa hatari, "Sukari iko wapi?" Baba akamjibu, "Mama watoto, hebu angalia kwanza hili komeo."

Mama hakuongea nae siku mbili.

Lakini usiku ule baba aliniita uani na tochi, akanishika mkono akaupitisha pembeni ya ule mlango, usawa wa kifua cha mtu mzima. Pale mbao ilikuwa imebonyea kidogo, laini kabisa, wakati kwingine kote ni makwaruzo na rangi iliyobanduka. Akasema, "Hapa ndo walikuwa wanasukuma. Wote waliopita kwenye hii nyumba, wamesukuma hapahapa." Mimi nilikuwa na njaa, sikuelewa kitu. Sasa hivi ule mlango ndo meza yangu ya kulia chakula na wageni wote, wote, bila kuambiwa, mkono wao unaishia pale.

Kwaiyo ushauri wa kwanza, na kwangu mimi ndo wenye uzito kuliko yote yatakayofuata: kabla hujafuta hata vumbi, tafuta mkono ulipita wapi. Kinu angalia mdomo, jembe angalia mpini, kiti angalia mbele ya kikalio na pale miguu inapokanyagia, cherehani angalia rangi ilipofutika karibu na sindano. Ukishajua pale, hapo usiguse. Kwingine fanya unavyotaka, piga rangi, badilisha skrubu, sawa, ila pale pa mkono paache. Ukipafuta umebaki na mbao tu, na mbao mpya zipo, nenda kanunue.

Baba alikuwa fundi mitumbwi. Kwa wasiojua, mitumbwi yetu ya ziwani mingi sio ya kuchonga gogo, ni mbao zinapigiliwa kwenye mbavu, halafu ile mianya katikati ya mbao inashindiliwa pamba kwa patasi butu na nyundo mpaka maji yakose njia, pwani wanaita kukalafati. Pamba Usukumani haijawahi kuwa tatizo, hahaha. Sasa chombo kikichoka kinapandishwa mchangani, kinavunjwa, mbao zinaenda kuwa kuni za kubanikia samaki. Baba alikuwa anasimama pembeni ya wale wanaovunja kama mtu aliyekuja msibani, anachagua mbao moja, mbili, anaomba, anabeba.

Mbao ya mtumbwi iliyokula jua na maji inakuwa na rangi ya kijivu ambayo hakuna kopo la rangi litakupa. Na ina matundu ya misumari yenye duara jeusi kuzunguka. Lile duara watu wa fenicha wanaliona doa, wanalipiga msasa mpaka wanamaliza nusu ya mbao na halitoki, kwa sababu halikupakwa juu, ni kutu ya msumari imekutana na tanini iliyomo ndani ya mti wenyewe zikageuka nyeusi, ni kitu kilekile walichokuwa wanatengenezea wino wa zamani. Baba aliyaita macho. "Mbao hii ina macho kumi na mbili." Unapewa stuli ina macho, unakaa nayo.

Sasa nikuambie nilivyoharibu.

Baba alifariki 2021. Baada ya arobaini tukakaa kikao cha familia, tukakubaliana uwanja usafishwe, na mimi kwa vile ndo niko karibu nikapewa kazi. Wale vijana wa vyuma chakavu wakaja na mzani wao wakapima kila kitu, na kwenye ule mzani zikapanda karabai tatu. Karabai, zile taa za kupampu za mafuta ya taa ambazo wavuvi wa dagaa walikuwa wanaenda nazo usiku wa giza, kabla hawajahamia kwenye hizi taa za betri na sola. Kama uliwahi kukaa mlimani Mwanza usiku usio na mwezi enzi zile unajua ninachosema, ziwa zima linawaka utadhani kuna mji mwingine kule ndani. Matangi ya shaba, mtu kayapampu miaka. Nikauza kwa kilo. Sikumbuki hata nilipewa shilingi ngapi na sitaki kukumbuka.

Hiyo ni moja. Ya pili ndo inaniuma. Kulikuwa na benchi, baba alilitengeneza kwa mbao mbili za mtumbwi mmoja wa dagaa. Mnajua mitumbwi inaandikwa maneno ubavuni. Huu uliandikwa ubavu mmoja WATASEMA MCHANA, ubavu wa pili USIKU WATALALA, na ukifikiria mtumbwi wenyewe unatoka kuvua usiku utaona mwenye chombo alikuwa mtu wa namna gani. Baba alizigeuza zile mbao maandishi yakawa chini, huyaoni mpaka ulale chali chini ya benchi, na sisi watoto tulikuwa tunalala chali tunasoma. Ndo nilijifunzia kusoma pale, wala sitanii.

Mimi nikaona nimuenzi mzee. Nikaazima grainda, nikaweka disiki ya msasa, nikageuza mbao ya kwanza, nikakuta rangi imechakaa inabanduka, nikasema nisafishe nipake vanishi ing'ae, na masikioni nimeweka miziki. Dakika kumi. Nilipozima na vumbi kutulia nikaona mbao nzuri, safi, ya njano, kama imetoka kiwandani jana. Maneno hamna. Mama alitoka jikoni akaangalia, akaniuliza, "Umelipeleka wapi?" Nikamwambia si hili hapa. Akarudi ndani.

Kwaiyo mambo ya kiufundi nayosema hapa chini nimeyalipia ada.

Grainda weka mbali. Kama ni lazima usugue, tumia mkono na msasa laini na simama kila baada ya muda uangalie. Na rangi ya zamani usiisugue ikiwa kavu, rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi ndani yake, lile vumbi ni sumu hasa kwa watoto, lowanisha kwanza, vaa barakoa, kusanya uchafu wote utupe. Au acha rangi yenyewe kama imeshika, nani kakwambia lazima itoke.

Kujua kama mbao inafaa, baba alikuwa na maneno mawili tu, kimechoka na kimekufa. Alikuwa anachoma na ncha ya kisu. Kisu kikigoma, kimechoka, kinafaa. Kikizama kama kwenye ndizi mbivu, kimekufa, peleka jikoni. Anagonga pia, nzima inalia, iliyooza inanyamaza. Ukiona vitundu vidogo na unga laini unamwagika chini, kuna wadudu wanaendelea kula, usiingize ndani kwako wataenda kwenye kabati na kitanda. Mbao iliyotoka majini ikaushe kivulini, taratibu, wiki na wiki, weka vijiti katikati hewa ipite. Ukiianika juani kwa haraka inapasuka au inapinda kama ulimi, na hapo usimlaumu mtu.

Mafuta napaka ya linsidi, yale ya mbegu za kitani, kidogo, nafuta yanayobaki. Ila sikia hii, kitambaa ulichofutia usikikunje ukakitupa kwenye kona, kile kinapata joto chenyewe na kinaweza kuwaka moto bila kiberiti. Kitandaze nje kikauke au kiloweke majini. Watu hawaambiwi hili.

Cherehani zilizokwama, nyingi hazijafa kabisa. Ni mafuta ya zamani yameganda kama ulimbo, pamoja na nyuzi zimejisokota chini kwenye kibobini. Safisha nyuzi, dondoshea mafuta ya taa matone kwenye kila kiungo, lala. Kesho yake zungusha gurudumu kwa mkono, usilazimishe, likianza kulegea futa halafu weka mafuta ya cherehani yenyewe. Na kama ni Singer, ina namba imegongwa kwenye mwili wake, kwa hiyo namba unaweza kujua ilitengenezwa mwaka gani. Nilimfanyia hivyo mama mmoja pale Mabatini, tukakuta cherehani ina umri kumzidi yeye, akaanza kuisalimia shikamoo.

Kuna kitu kimoja nataka nisieleweke vibaya. Kuona uzuri wa kitu cha zamani haimaanishi kirudi kazini. Baba alikuwa mkali sana hapo, na alizidi baada ya Mei 1996, MV Bukoba, ile meli iliyozama ziwani na watu wengi, mtu yeyote wa Mwanza wa rika langu kuendelea juu hahitaji nimuelezee. Mtu akimletea mtumbwi uliochoka anataka upigwe viraka urudi majini, baba anachoma kisu, akiona hapana anasema hapana, utamtukana, utaondoka, utapata fundi mwingine, yeye hapana. Lakini kesho yake anakuja kuomba zile mbao atengeneze kiti! Watu walikuwa wanakasirika. Yeye kwake ilikuwa rahisi tu, kwenye kiti ukianguka unaanguka sakafuni.

Upande wa pili kuna MV Victoria. Iliingia kazini ziwani 1961, ndo meli yetu ya Bukoba kupitia Kemondo, halafu ikaja kukaa gatini miaka haitembei. Baba alikuwa anatupeleka jumapili kuiangalia imelala pale, mama anasema nyie mnaenda kuangalia kutu. Ilipokarabatiwa ikarudi safari 2020, na jina jipya New Victoria Hapa Kazi Tu, baba alikuwa anaumwa tayari lakini alivaa shati akaenda. Pale hawakufanya kwa viraka, walifanya kazi ya watu wenye vipimo na injini mpya. Sasa wewe na mimi hatuna hiyo bajeti, kwaiyo gesi, umeme, breki, chombo cha majini, kama ni cha zamani na hakijapimwa na anayejua, kipende kikiwa kimekaa.

Na kuhusu kujaza nyumba. Hapa nitamsema mzee wangu na anisamehe. Alizidisha. Mlango mmoja ni hadithi, milango minne ni nyumba ya nyoka, na tuliwahi kumkuta kweli, mkubwa tu. Mama aliishi miaka thelathini anaanika nguo juu ya mitumbwi. Watu wakisifia jicho la baba mimi namkumbuka mama anaruka misumari na beseni kichwani. Kwaiyo mimi nyumbani naruhusu kitu kimoja kinachosubiri, kimoja tu, mpaka nimalize ndo kingine kiingie. Na namuuliza ninayeishi nae kwanza. Na sukari nanunua kabla.

Ukitaka kufundisha jicho lako nenda Makoroboi pale mjini, ukae tu pembeni uangalie. Jina lenyewe limetokana na koroboi, vile vitaa vya utambi walivyokuwa wanatengeneza mafundi bati, kopo la kitu kingine kabisa linageuka taa. Au angalia jiwe la Bismarck, lile lililosimama ziwani, tunapiga nalo picha za harusi vilevile lilivyo. Watoto wangu nawapeleka kote kote, mmoja anapenda, mwingine anaomba simu, sio mbaya.

Sasa lile benchi. Mbao niliyoiharibu ipo, imeanza kurudi kijivu polepole kwa sababu niliitoa vanishi nikaiacha nje, macho yake yapo, maneno ndo basi. Mbao ya pili sikuigusa, ina USIKU WATALALA nzima, nyeupe juu ya bluu, ile S imeandikwa kinyume. Imeegemea ukuta wa jikoni kwa mama mwaka wa nne huu, yeye hataki niiunganishe na ile nyingine na hataki niiondoe. Juzi nimemuuliza tufanye nini, akasema atafikiria. Mwenye wazo anipe nimpelekee, ila tafadhali msiniambie stendi ya TV.