Nchi inayotumia kidogo si lazima iwe inatumia vizuri

SWALI: Shikamoo Daktari. Ninaandika tasnifu ya shahada ya uzamili katika afya ya jamii. Nimelinganisha ufanisi wa mifumo ya afya ya nchi 15 kwa mbinu ya DEA (hesabu ya kompyuta inayolinganisha rasilimali za kila nchi na matokeo yake, kisha kuipa alama kati ya 0 na 1), zikiwemo saba za Afrika Mashariki pamoja na Oman, Japani, Uingereza na Marekani. Upande wa rasilimali nimeingiza matumizi ya afya kwa kila mtu, sehemu ya pato la taifa inayokwenda kwenye afya, madaktari, wauguzi na vitanda. Upande wa matokeo nimeingiza wastani wa umri wa kuishi, vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano na vifo vitokanavyo na uzazi. Nchi 11 zimepata alama kamili ya 1, zikiwemo zile zinazotumia fedha kidogo kuliko zote, na Marekani imeshika mkia. Nimeegemea pia orodha ya mifumo ya afya ya nchi iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2000. Je, naweza kuhitimisha kwamba nchi hizo 11 hazihitaji kuongezewa bajeti, kwa kuwa tayari zina ufanisi kamili? — Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba. Hapana, huwezi kuhitimisha hivyo, na nakuomba ulifute pendekezo hilo la bajeti kabla tasnifu haijamfikia msimamizi wako. Swali hili hunijia kila mwaka kutoka kwa wanafunzi, na jibu lake la makosa hulikuta pia ndani ya ripoti za washauri waliolipwa vizuri. Sitaeleza DEA ni nini, kwa sababu unaijua. Nitaeleza kile ambacho programu haikuambii inapokupa ile alama ya 1.

Alama hiyo inasema tu kwamba, katika kundi ulilolichagua wewe mwenyewe, hakuna nchi nyingine wala mchanganyiko wa nchi nyingine uliopata matokeo yaleyale kwa rasilimali pungufu. Sasa itazame nchi inayotumia fedha kidogo kuliko zote katika kundi lako. Ikiwa uliiruhusu programu ichukulie kwamba tija hubadilika kadiri kiwango cha rasilimali kinavyobadilika, kama wafanyavyo wengi, basi nchi hiyo haina wa kulinganishwa naye, kwa kuwa hakuna aliye chini yake, na hisabati italazimika kuiweka kwenye mpaka wa ufanisi, yaani kuipa alama ya 1, hata kama nusu ya dawa zake zinaisha muda zikiwa ghalani. Nchi hiyo haikupimwa ikaonekana bora. Haikupimwa kabisa.

Wapo wanaodhani wamelikwepa tatizo hili kwa kurudi kwenye uwiano wa kawaida, yaani kugawanya umri wa kuishi kwa matumizi ya kila mtu. Chukua mfano wa tarakimu tupu: nchi yenye umri wa kuishi wa miaka 62 kwa dola 30 itaonekana inazalisha zaidi ya miaka miwili ya uhai kwa kila dola, huku nchi yenye miaka 84 kwa dola 4,500 ikionekana inazalisha takriban wiki moja. Hesabu hiyo ingekuwa na maana kama umri wa kuishi ungeanzia sifuri mahali pasipo na hospitali, jambo ambalo si kweli, kwa sababu watu waliishi, wakazaa na wakazeeka kabla ya kuwepo wizara yoyote ya afya. Mfumo wa afya upimwe kwa kile ulichoongeza juu ya hapo. Waandishi wa ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2000 walilitambua hilo, wakakadiria afya ambayo nchi ingekuwa nayo bila mfumo wa afya wakitumia takwimu za mwanzoni mwa karne ya 20. Makadirio yao yanabishaniwa, lakini angalau swali walilikabili.

Kuhusu zile nchi 11, sababu ni nyepesi. Una vigezo vinane na nchi 15, wakati kanuni inayofuatwa na wengi inataka idadi ya nchi iwe angalau mara tatu ya vigezo, yaani 24. Kila kigezo unachoongeza ni mlango mwingine wa nchi kuukwepa ulinganisho. Isitoshe, umeihesabu fedha mara mbili, kwa kila mtu na kwa sehemu ya pato la taifa, kisha ukawahesabu madaktari na wauguzi ambao mishahara yao tayari imo ndani ya fedha hiyo.

Naona pia kwamba umeegemea orodha ya mwaka 2000, na hapo ndipo ninapokosa subira, kwa sababu orodha hiyo imefanywa msahafu. Ilipanga nchi 191: Ufaransa ya kwanza, Italia ya pili, Oman ya 8, Marekani ya 37, Kenya ya 140, Uganda ya 149, Tanzania ya 156, na Sierra Leone, iliyokuwa vitani, ya mwisho. Wanaoinukuu hawasemi kwamba upande wa jinsi mifumo inavyojali matarajio ya wananchi ulitokana na mahojiano ya watu teule katika nchi 35, na nchi nyingine zote zikapewa alama za kukadiriwa. Philip Musgrove, aliyekuwa mhariri wa ripoti hiyo, alikuja kueleza hadharani kwamba zaidi ya nusu ya namba zilizotumika hazikutokana na vipimo bali na makadirio. Brazili iliwekwa ya 125, na wataalamu wake wakaandika hoja nzito kuupinga utaratibu mzima. Shirika lenyewe halikurudia kupanga nchi namna ile, lakini hadi leo nasikia "Marekani ni ya 37" kana kwamba imepimwa jana.

Marekani inatumia takriban asilimia 17 ya pato lake kwa afya, na watu wake wanaishi miaka michache kuliko Wajapani. Hilo ni kweli. Hata hivyo mwaka 2021 pekee watu zaidi ya 100,000 walikufa huko kwa kuzidisha dawa za kulevya, na vifo hivyo vinaushusha umri wa kuishi bila kukuambia kama daktari wa upasuaji alitumia muda wake vizuri au vibaya. Mchumi wa afya Uwe Reinhardt na wenzake walionyesha mwaka 2003 kwamba tofauti kubwa ya matumizi kati ya Marekani na nchi nyingine tajiri inatokana na bei, si na wingi wa huduma. Kwa upande wa pili, Japani, ambayo kila orodha huisifu, ina vitanda takriban 13 kwa kila watu 1,000, na wagonjwa wake hulazwa siku nyingi kuliko katika nchi nyingi tajiri. Ukiingia ndani ya hospitali zake utakuta upotevu ambao umri wa kuishi wa miaka 84 unauficha. Oman nayo ilishusha vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano kutoka zaidi ya 200 kwa kila 1,000 karibu na mwaka 1970 hadi chini ya 20 kufikia mwaka 2000, ila katika miaka hiyohiyo ilijenga pia barabara, shule na mifumo ya maji kwa fedha za mafuta. Programu yako itaipa Wizara ya Afya sifa zote hizo peke yake.

Madhara ya kosa hili nimeyaona kwa macho. Niliwahi kuombwa kupitia ripoti ya mshauri aliyezipanga zahanati za wilaya moja kwa ufanisi, na zahanati iliyoongoza ilikuwa na mhudumu mmoja, haikuwa na mkunga, na rafu zake za dawa zilikuwa tupu. Matumizi yake yalikuwa madogo kwa sababu wagonjwa walikuwa wakiandikiwa karatasi na kutumwa duka la dawa muhimu, na wajawazito walikuwa wakipanda bodaboda usiku kwenda hospitali ya wilaya, wakiwa wamebeba glovu walizozinunua wenyewe. Gharama haikupungua, ilihamishiwa kwenye mifuko ya watu, mahali ambapo mshauri hakuangalia. Katika ngazi ya taifa kosa ni lilelile unapochukua bajeti ya serikali peke yake na kuacha malipo ya mfukoni na fedha za wafadhili, wakati chanjo na dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ndizo zinazookoa maisha unayoyahesabu.

Kwa tasnifu yako, ziache nchi 15 na uchukue hospitali za wilaya za nchi moja, ambako bei, mishahara na magonjwa vinakaribiana. Punguza vigezo vibaki vitatu au vinne, ondoa hospitali moja baada ya nyingine uone kama alama zinayumba, na uchapishe upana wa mashaka, yaani kiasi ambacho alama inaweza kupanda au kushuka, kando ya kila alama. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2010 ilikadiria kwamba kati ya asilimia 20 na 40 ya rasilimali za afya duniani hupotea, na upotevu huo una anwani: dawa zinazonunuliwa kwa bei ya juu, watumishi waliopangwa vibaya, wagonjwa wanaolazwa bila sababu. Uende ukauhesabu huko, kwenye leja ya dawa na daftari la wodi. Mtu yeyote atakayekuletea orodha ya nchi kabla hajakuonyesha amekusanya wapi fedha za mfukoni, usimruhusu akaribie bajeti ya mtu.