Safu ya Ufundi: Rilei inatetema betri ikikaribia kuisha

Swali: Hamjambo mafundi. Nimeunda saketi ya kuzima taa za kibanda betri ya sola ya volti 12 ikikaribia kuisha. Ni LM358 (chipu yenye opampu mbili, yaani vikuza ishara; pini ya 2 na ya 3 ni ingizo, ya 1 ni tokeo): pini ya 3 inapima betri kupitia rezista ya 10k (kilo-omu 10), na 7.5k kwenda nege. Pini ya 2 inapata volti 5.1 za zena (daiodi ya kushikilia volti zisibadilike) kupitia 10k. Pini ya 1 inaendesha transista BC547 na rilei (swichi ya umeme) ya taa. Betri ikishuka rilei inatetema na transista inapata joto. Nimeshaweka 100k kutoka pini ya 1 hadi ya 2, maana nasikia mrejesho hasi (kurudisha tokeo kwenye ingizo la kinyume, pini ya 2) hutuliza opampu. Niongeze nini?
*Msomaji, Kisauni, Mombasa*

Jibu: Usiongeze kitu, ndugu. Ing'oe ile 100k kwenye pini ya 2, uilehemu pini ya 3.

Uliyoyasikia ni kweli, lakini kwa amplifaya. Mrejesho hasi huifanya opampu ijirekebishe mpaka pini ya 2 na ya 3 zilingane. Kwa vipimo vyako inakuza mara 11 tu. Basi pini ya 1 haikati, inateremka taratibu pamoja na betri, kama volti 4.7 kwa kila volti moja. Ikifika karibu volti moja na nusu, BC547 iko nusu wazi nusu imefungwa, ndipo joto linapotoka. Rilei ikiachia, taa zinazimika, betri inapata nafuu na kupanda, rilei inashika tena. Ta-ta-ta mpaka asubuhi.

100k ikihamia pini ya 3 inakuwa mrejesho chanya, nao hauna subira hiyo. Pini ya 1 ikianza kuanguka inaivuta ya 3 chini, nayo inazidi kuiangusha ya 1, zote kwa mkupuo. Kwa 100k saketi yako itakata taa betri ikiwa volti 11.4 na kuzirudisha ikifika 12.4. Hesabu hiyo imezingatia kwamba tokeo la LM358 halifiki volti za betri kabisa. Hubakiza kama volti 1.5. Usishawishike kuweka 10k ili "ishike zaidi": itasubiri volti 17 ndipo irudishe, na betri yako haitazifikia.

Zena ya kawaida hupotoka asilimia 5, yaani zaidi ya nusu volti ukipima kwenye betri. Badala ya 7.5k weka 6.8k na priseti (rezista ya kurekebisha) ya 2k mfululizo, kisha urekebishe kwa pawa saplai ya kupandisha na kushusha, si kwa betri yenyewe. Nusu ya pili ya LM358 isiachwe hewani: unganisha pini ya 7 na ya 6, ya 5 iende kwenye zena. (Huo ndio mrejesho hasi uliokuwa ukiutafuta.) Daiodi ya 1N4007 sambamba na koili ya rilei ni lazima.

Ikiendelea kutetema, angalia waya. Waya wa kupimia utoke kwenye vichwa vya betri moja kwa moja, usichangie na ule wa taa. Na kwa chumvi ya hewa ya huko, safisha bodi kwa spiriti uipake vanishi.