Re: Kifurushi hakina .git, nitajuaje kimetoka komiti ipi?

Habari mkuu, salama huko Moshi? Kama nimekuelewa, programu ya mizani ya kahawa iko kwenye kompyuta ya AMCOS (chama cha ushirika cha mazao), uliwapa tar.gz tu (kifurushi kilichobanwa, bila folda ya .git inayotunza historia ya Git), na sasa hujui marekebisho uyajenge juu ya komiti ipi, yaani hatua ipi iliyohifadhiwa kwenye historia hiyo.

Anza na faili lenyewe, usikimbilie kulinganisha mstari kwa mstari. Kama ulilifunga kwa git archive ukataja tagi (jina lililobandikwa kwenye komiti), tawi (mkondo wa kazi) au komiti, namba ya komiti imo ndani tayari:

gunzip -c mizani.tar.gz | git get-tar-commit-id

Itatoka namba ndefu ya herufi na tarakimu 40. Ipe git show. Ikiwa ni zip, tumia unzip -z.

Ulibana folda kwa mkono? Hapo namba haimo, pole. Chukua faili moja linalobadilikabadilika, lipige git hash-object upate namba ya yaliyomo, kisha uiweke palipo na NAMBA:

git log --all --find-object=NAMBA

Utaona komiti iliyoliingiza na iliyoliondoa. Yako iko kati ya hizo. Angalizo: mtu akilifungua faili kwenye Windows na miisho ya mistari ikageuka, namba haitalingana, utazunguka bure.

Toleo lijalo weka tagi kwanza:

git tag -a v1.4 -m "Toleo 1.4"
git archive --prefix=mizani-1.4/ -o mizani-1.4.tar.gz v1.4

Submoduli (hazina nyingine za Git zilizo ndani ya mradi) hazibebwi, zifunge kando. Mimi hapa Arusha naweka pia toleo.txt yenye $Format:%h$, na kwenye .gitattributes naandika toleo.txt export-subst, zote zikiwa zimekomitiwa, ili git archive iandike namba fupi ya komiti ndani ya toleo.txt. Karani wa mizani anakusomea namba kwa simu, basi.