Makro isiyoanza faili la Excel linapofunguliwa

Natunza hesabu za chama cha kuweka na kukopa. Makro, yaani mfululizo wa amri ambazo Excel huziendesha yenyewe, inayoorodhesha mikopo iliyochelewa ilikuwa ikianza yenyewe kila nilipofungua faili, lakini tangu mwenzangu aliponirudishia faili hilo kwa barua pepe, haifanyi lolote. Je, niiandike upya?

Usiiandike upya, kwa sababu inaelekea haijaharibika. Tangu mwaka 2022 Microsoft imekuwa ikizuia makro za mafaili yaliyotoka kwenye intaneti, na faili lililopakuliwa kutoka barua pepe hubeba alama ya mahali lilikotoka, ambayo Windows huiweka bila kumwuliza mtumiaji. Kwanza mpigie mwenzako simu uhakikishe kwamba ni yeye aliyelituma. Kisha lifunge, libofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua Properties, na uweke alama kwenye kisanduku kilichoandikwa Unblock. Nakusihi usiruhusu makro zote bila onyo, ingawa ushauri huo hutolewa sana maofisini. Kirusi cha Melissa, kilichoenea kwa barua pepe mwaka 1999, kilikuwa makro ya Word iliyoanza kazi mara tu waraka ulipofunguliwa, na wewe umekabidhiwa akiba za watu.

Nimeandika Workbook_Open, utaratibu unaotakiwa kuanza faili linapofunguliwa, na makro zimeruhusiwa. Nikiiendesha mwenyewe inafanya kazi, ila faili likifunguliwa hakuna kinachotokea.

Bonyeza Alt pamoja na F11 ili kufungua dirisha la msimbo, uangalie umeiandika wapi. Utaratibu wenye jina hilo hujiendesha ukiwa ndani ya ThisWorkbook tu, yaani sehemu ya msimbo ya faili lenyewe. Ukiwekwa kwenye moduli ya kawaida, yaani ukurasa mwingine wa msimbo, Excel huuchukulia kama utaratibu mwingine wowote na kusubiri uuite. Kwenye moduli ya kawaida jina linalofaa ni Auto_Open, lakini hilo nalo halijiendeshi pale faili linapofunguliwa na makro nyingine, ndiyo maana mimi hupendelea Workbook_Open.

Ikiwa mahali ni sahihi, shuku makro iliyotangulia. Wengi wetu huandika Application.EnableEvents = False, amri inayozuia Excel kuitikia matukio kama kufunguliwa kwa faili, ili kuharakisha kazi, na hitilafu ikitokea kabla ya kurudisha True, Excel hubaki kiziwi kwa kila tukio, hata katika mafaili mengine, mpaka programu nzima ifungwe. Ifunge kabisa, uifungue tena, ujaribu. Makro ikiamka, umempata mkosaji: mwongezee sehemu ya kushughulikia hitilafu inayorudisha True kwa vyovyote vile.

Nahifadhi faili, lakini kesho yake makro haimo.

Umelihifadhi kama xlsx, aina ambayo haibebi makro. Tangu Excel 2007, faili la namna yako huhifadhiwa kama xlsm.

Makro yangu inaanza, kisha inakwama nikiwa na faili jingine wazi. Nitaingiaje kuirekebisha?

Fungua faili kutoka ndani ya Excel huku umeshikilia Shift, nayo makro haitaanza. Ingia kwenye msimbo, weka kishale ndani ya utaratibu huo, kisha bonyeza F8 mstari kwa mstari mpaka uuone unaokwama. Mara nyingi mstari huo una ActiveSheet, yaani lahakazi yoyote iliyo mbele kwa wakati huo, ambayo huenda ni ya faili lile jingine. Badala yake taja ThisWorkbook, yaani faili lenye makro yenyewe, ikifuatiwa na jina la lahakazi unayoikusudia, na makro itaandika mahali pake hata mafaili matano yakiwa wazi.