Usinunue telekonvata ya mara mbili kabla hujajifunza kusogea

Mleta mada, usinunue. Umesema una lenzi ya milimita 150 hadi 600 ambayo ikivutwa hadi mwisho tundu lake la kuingizia mwanga ni f/6.3 (namba hii ikikua, mwanga hupungua), kwamba ndege bado wanatoka wadogo mno katika picha zako, na kwamba umeshauriwa uongeze telekonvata ya mara mbili, yaani kipande chenye vioo kinachofungwa kati ya kamera na lenzi ili kukuza picha, ufike milimita 1200. Umeuliza pia habari za stendi ya miguu mitatu, lakini mimi nilipofika kwenye neno telekonvata nilishindwa kuendelea kusoma kwa utulivu, kwa kuwa ushauri huo nami nilipewa na nikaulipia.

Aliyeniuzia alinihakikishia kwamba kifaa kile kidogo kingenipa lenzi mpya kwa sehemu ndogo tu ya bei ya lenzi mpya. Akanifanyia na jaribio pale mlangoni: kamera ikafungwa kwenye stendi imara, jua la mchana likiwaka, ikaelekezwa kwenye kibao cha barabarani, na kibao kikatoka safi hadi herufi ndogo kabisa. Sikujiuliza wakati ule kwamba kibao hakina mbawa, hakitishiki, wala hakitoki kutafuta chakula alfajiri wakati mwanga ni hafifu. Muuzaji anayejua kwamba unapiga ndege na bado akakuonyesha kibao, huyo hakukosea, alichagua.

Hesabu ambayo alipaswa kunifanyia ni hii. Telekonvata ya mara mbili hukuza taswira ambayo lenzi imekwisha kuichora, na mwanga ule ule hutandazwa juu ya eneo lililo kubwa mara nne, kwa hiyo f/6.3 yako inageuka kuwa karibu f/13. Kama ulikuwa unapiga kwa kasi ya 1/2000 ya sekunde na ISO 1600 (ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga), itakubidi upande hadi ISO 6400 ili kubakiza kasi hiyo hiyo, na hapo bado hujapona, kwa sababu mtikisiko wa mkono nao umekuzwa mara mbili. Ukitaka 1/4000 ili kuufidia, umefika ISO 12800, ambapo chembechembe zinazoletwa na ISO kubwa huanza kumeza manyoya madogo ya shingoni, yaani kile kile ulichokuwa unakitafuta. Isitoshe, zumu nyingi za aina hii hupungua ukali zinapovutwa hadi mwisho, na telekonvata hukuza udhaifu huo pamoja na ndege.

Kisha kuna fokasi, yaani kulenga lenzi ili ndege atoke mkali. Kamera yangu ya wakati huo ilikuwa ya kioo (DSLR, yenye kioo ndani kinachopeleka taswira kwenye tundu la kutazamia), na nyingi za namna hiyo zimeundwa kutafuta fokasi zenyewe kwa lenzi za hadi f/5.6, chache zikifika f/8. Kwa f/13 lenzi yangu ilikwenda mbele na kurudi nyuma, kisha ikakata tamaa, nami nikabaki nazungusha pete kwa mkono huku mdiria akipiga mbizi. Nina hazina ya picha za maji ambayo mdiria ametoka kuyagusa. Mtafiti yeyote wa viwimbi anakaribishwa. Najua kuna atakayesema kwamba kamera mpya zisizo na kioo huweza kufokasi hata kwa f/13, na ni kweli, ila mara nyingi kwa kusitasita zaidi, na mwanga uliopotea haurudi.

Hata ukiyashinda hayo yote, hewa haitakuachia. Ardhi au maji yakipishana joto na hewa iliyo juu yake, mwanga unaopita hapo hupindapinda, na kadiri ndege alivyo mbali ndivyo picha inavyozidi kuonekana kana kwamba haikufokasiwa. Nilirudisha lenzi kwa fundi nikiamini imeharibika, kumbe ilikuwa nzima.

Kanuni yangu basi ni moja: punguza umbali kwanza. Ukiukata umbali kwa nusu, ndege atajaza eneo lile lile ambalo telekonvata ingekupa, yaani mara nne ya la awali, bila kupoteza mwanga wowote na kwa hewa nusu kati yenu. Usimfuate ndege moja kwa moja. Tafuta tawi au jiwe lenye kinyesi kingi, maana hapo ndipo anaporudi, ukae chini kabla hajafika, jua likiwa mgongoni mwako. Gari lililozimwa injini ni maficho mazuri, kwani ndege wengi humwogopa mtu anayetembea kuliko gari lililosimama. Ukilazimika kusogea kwa miguu, nenda kwa mshazari, na akiacha kula akanyoosha shingo, simama hapo hapo hadi arudie shughuli yake. Kwa kuwa ndege wengi hupaa na kutua wakiuelekea upepo, ukikaa upande upepo unakotoka utapata uso badala ya mkia. Kwenye kiota kanuni hii haitumiki: usisogee kabisa, kwa sababu mzazi akikimbia, mayai hupoa na wezi wa mayai huonyeshwa njia.

Telekonvata ya mara 1.4 hupoteza stopu moja tu, yaani nusu ya mwanga, na inavumilika kwenye lenzi ya f/4. Kwenye yako ya f/6.3 inakupeleka f/9, kwa hiyo hata hiyo iache. Stendi yoyote isiyoyumba itakutosha kwa sasa. Na kama umekwisha kulipia hiyo ya mara mbili, irudishe leo kabla hujafungua kasha, na muuzaji akianza kukuonyesha kibao cha barabarani, mwombe akuonyeshe mbayuwayu.