Mwanafalsafa gani husikilizwa Kremlin?

SWALI: Ndugu Mhariri, kila vita vya Ukraine vinapochambuliwa redioni hutajwa mwanafalsafa Aleksandr Dugin, ambaye wengine humwita "ubongo wa Putin". Je, ni kweli kwamba mtu mwenye kalamu tu anaweza kuisukuma dola kubwa kama Urusi iende vitani?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, lakabu hiyo imemkuza Dugin kupita kimo chake. Mwaka 2014, baada ya kutamka hadharani maneno ya kuhimiza mauaji kuhusu Ukraine, aliondolewa kwenye uongozi wa idara aliyokuwa akiisimamia katika Chuo Kikuu cha Moscow, na sidhani kwamba mtawala angeacha ubongo wake utendewe hivyo. Si mtu wa kupuuzwa, hata hivyo, kwa kuwa kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu siasa na jiografia, kilichoieleza Urusi kuwa dola ya nchi kavu iliyo katika ugomvi wa kudumu na dola za baharini, na Ukraine huru kuwa hatari kwake, kilipata wasomaji hata miongoni mwa maofisa wa jeshi.

Anayenukuliwa na Putin mwenyewe ni mwingine, naye ni marehemu wa siku nyingi: Ivan Ilyin, aliyezaliwa Moscow mwaka 1883, akafukuzwa nchini na Wabolsheviki, yaani wakomunisti walioitawala Urusi, mwaka 1922 pamoja na wasomi wenzake, akaishi Ujerumani, kisha Uswisi, alikofia mwaka 1954. Aliuchukia ukomunisti kiasi kwamba mwaka 1933 aliandika makala ya kumtetea Hitler, ingawa baadaye Wanazi nao walimfukuza kazi. Katika makala alizowaandikia Warusi wa uhamishoni baada ya Vita vya Pili vya Dunia, alionya kwamba ukomunisti utakapoanguka, mataifa ya Magharibi yatajaribu kuigawa Urusi vipande vipande, na kwamba dawa yake ni utawala wa mkono wa chuma wenye kulipenda taifa. Unaweza kuona kwa nini maneno hayo yaliwaingia watu walioshuhudia Muungano wa Kisovyeti ukivunjika mwaka 1991.

Mwaka 2005 mabaki yake yalirudishwa Moscow na kuzikwa katika monasteri ya Donskoy. Tarehe 30 Septemba 2022, Putin alipotangaza kuitwaa mikoa minne ya Ukraine, alihitimisha hotuba yake kwa maneno ya Ilyin juu ya kuipenda Urusi.

Lakini kunukuu si kutii. Ilyin alikuwa mwanasheria kwa taaluma, na aliandika kwa kirefu kwamba dola haisimami pasipo raia na watawala wenye kuiheshimu sheria kutoka moyoni. Sehemu hiyo haisikiki sana hotubani. Kwa maoni yangu, mtawala huanza na analolitaka, kisha hutafuta kitabu cha kulivisha joho, na mwandishi aliyekufa humfaa zaidi kwa sababu hawezi kumkosoa.

Dugin naye hakusahaulika. Mwaka 2023 alikabidhiwa uongozi wa kituo kipya cha mafunzo ya siasa katika chuo kikuu kimoja cha Moscow, nacho kikapewa jina la Ilyin. Mwaka uliofuata wanafunzi wakakusanya saini za kulipinga jina hilo, wakikumbusha kwamba mwenye jina aliwahi kuusifu ufashisti.